Barua Niliyoichapa kwa Jina Lako

Mpendwa Kocha,

Nakusihi, isome peke yako kisha uifute. Usimtajie mtu yeyote wa klabu, hata mpishi uliyempenda. Wakijua nimekuandikia, sina kazi.

Unakumbuka ulipotuingiza sisi watoto wa mabanda ya Manyatta kwenye kiwanja cha matajiri cha Milimani? Rafiki yangu Akinyi alikutania: "Odiero, mzungu wee, jua limekuivisha kama nyanya!" Ulicheka, ukatusimulia miaka yako ya tenisi: mazoezi ukumbini huko Finland, nje theluji imefunika magari, mashindano madogo ya miji ya mbali, hadi bega likakataa ukastaafu. Hukuwahi kuwa maarufu. Ulijivunia jambo moja: pasipo mwamuzi, kila mchezaji huamua mipira inayoangukia upande wake, nawe hukudanganya hata mara moja.

Nilikuamini. Kwenye fainali nilikiri kwamba mpira wa binti wa mwenyekiti uligusa mstari, yaani ulikuwa halali, ingawa hakuna mwingine aliyeuona. Nikashindwa. Ulinipigia makofi peke yako.

Kisha mwaka jana kamati ikakufukuza kwa sababu yetu, nawe ukafunga virago kimya. "Mimi mgeni, nyathina. Siwezi kugombana na wenyeji." Nyathina, mtoto wangu! Mtoto gani huachwa hivyo? Mimi nilibaki humo, karani wao.

Juzi mwenyekiti aliniita. "Chapa barua. Kocha anashauri watoto wa Manyatta wasiruhusiwe tena. Weka jina lake chini."

"Lakini Mzee, Kocha yuko Finland."

"Wewe ni karani ama wakili? Chapa, mama."

Nilichapa. Jumamosi itasomwa mkutanoni, na mdogo wake Akinyi na wenzake watafungiwa lango.

Nina uchungu nawe kuliko na mwenyekiti. Yeye hakuwahi kunifundisha ukweli.

Sema tu kwamba hukuiandika. Nikipata neno lako nitaisikilizisha kamati nzima, kisha nitatafuta kazi kwingine. Nisipolipata, nitanyamaza. Hilo pia nilijifunza kwako.

Mwanafunzi wako

Usipige simu ya ofisi, wala usitumie anwani ya klabu. Bahasha zote hufunguliwa na mwenyekiti. Tumia simu ya shangazi yangu wa Sondu, uliyempigia nilipougua malaria. Jirekodi sauti, maana maandishi watasema nimeyatunga mimi. Ijumaa nitakuwa kwake kuanzia saa kumi, hadi gari la mwisho la kurudi Kisumu.