Basi la Picha na Pazia

Kwa Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu, ambao najua wamekua kiasi kwamba nikipishana nao njiani sitawatambua. Huku tunapumua. Mama hajambo, ila goti linamsumbua baridi ikizidi, na sikio moja limekuwa zito; hata hivyo anasikia anachotaka kusikia, kama zamani. Mimi ndiyo hivyo, nywele zinanihama na tumbo linahamia.

Barua hii nampa muuguzi mmoja anayehama nchi, kwa hiyo nitaandika kama ninavyozungumza. Kwenye simu huwa nakwambia kuko shwari, na unajua kwa nini. Nakuomba ukishaisoma usipige simu kuniuliza lolote lililomo humu.

Mji uliouacha si huu tena. Ile barabara uliyoiona ikianza kuchimbwa sasa ina njia nane, na kuivuka kwa miguu ni kujitakia kifo. Mkuu alitaka kila raia awe na gari lake. Alisema hotubani kwamba basi ni alama ya taifa la ombaomba. Watu walinong'ona sababu nyingine: ndani ya gari lako uko peke yako na redio, na redio ni ya Mkuu, lakini ndani ya basi watu wanakaa goti kwa goti, mmoja akilalamika wa nyuma anadakia. Njia za mabasi zikafutwa moja baada ya nyingine. Njia ya waenda kwa miguu haikujengwa kabisa. Asiye na gari anatembea kwenye changarawe huku akipigwa na upepo wa malori.

Siku walipomchukua mdogo wetu Kifungo ulikuwa umeshaondoka, nasi tulikueleza kwa mafumbo tu. Leo nakueleza wazi. Unakumbuka alikuwa konda wa basi langu. Kinyozi wa mtaani kwetu, yule mropokaji, alikaa kiti cha mbele. Tulipopita chini ya picha kubwa ya Mkuu, Kinyozi akasema kwa sauti kwamba kila picha mpya inamwonyesha mzee akiwa kijana zaidi, tusipoangalia tutakuja kumnyonyesha. Basi zima likaangua kicheko. Kifungo alicheka mpaka miguu ikamwishia nguvu, akaketi kwenye ngazi. Kituo kilichofuata wakapanda mabwana wawili wenye mashati meupe, wakauliza nani aliyesema. Watu wakatazama nje madirishani. Wakauliza nani aliyecheka, na Kifungo alikuwa bado anafuta machozi. Wakamshusha kwa upole, kama watu wanaomsaidia mgonjwa.

Wewe ulituandikia baadaye kwamba umeshamlilia, tumwachie Mungu. Mama hakukubali. Kila Jumatano alifunga nguo safi kwenye kitambaa, akazipeleka gereza kuu. Askari walizipokea bila kumwambia kama yumo au hayumo.

Kisha wakaja hao wanaojiita Waongofu. Sikufichi, nami niliwashangilia. Nilidhani mtu anayemwogopa Mungu hatawatesa viumbe vyake. Wakaishika nusu ya mji, hii nusu yetu, Mkuu akabaki na ile ya hospitali na gereza. Nao hawakulipenda basi. Kwao kosa lilikuwa wanaume na wanawake kukaa pamoja, wakachoma mabasi yote waliyoyakuta yadini. Langu lilipona kwa sababu wagonjwa wa huku wanahitaji hospitali ya kule, na kule wanahitaji mafundi wa maji wavuke kuja kwenye mitambo iliyo huku. Basi moja, mji mzima.

Watu wakazibatiza pande hizo Picha na Pazia. Upande wa Mkuu, basi lisilo na picha yake kwenye kioo cha mbele halipiti kizuizini. Upande wa Waongofu, picha yoyote ya mtu ni dhambi, na lazima pazia ligawe basi, wanawake nyuma. Basi nikawa nasimama chini ya daraja la magari, pale pasipokuwa pa upande wowote, tunabadilisha. Kinyozi ndiye aliyekuwa fundi wa kazi hiyo. Alikuwa akivuka kwenda kunyoa wagonjwa wodini. Tukirudi huku aliibandua picha, akaikunja na kuisukuma ndani ya bomba la kiti, akisema, "Mzee, lala kidogo." Tukienda kule aliitoa, akaipangusa, akasema, "Mzee, amka, umefika kwako." Kina mama walivuta pazia huku wakibana pua wasicheke. Lakini tangu Kifungo achukuliwe, Kinyozi hakukaa tena kiti cha mbele. Na kila Jumatano alimbebea Mama mzigo wake mpaka ndani, asimtazame usoni.

Kizuizi cha Pazia kilikuwa na vijana waliofunika nyuso, macho tu yanaonekana. Mmoja wao, mwembamba, alikuwa hasemi kabisa. Alipanda, akakagua mizigo, akashuka. Mzigo wa Mama aliufungua kila wiki, akatoa shati na suruali, akazirudisha. Mama alimwambia, "Asante, mwanangu," kama anavyomwambia hata muuza makaa.

Jumatano moja yule asiyesema alimaliza mzigo wa Mama, akapita upande wa wanaume, akasimama mbele ya Kinyozi. Alimtazama kwa muda. Kisha akamwita kwa kidole. Kinyozi aliuliza amekosa nini. Akajaribu mzaha, akasema kama ni ndevu, wampe mpaka jioni zitakuwa zimeota. Hakuna aliyecheka. Akainuka na mkoba wake wa mikasi, akashuka. Alipopita kwangu aliniwekea mkono begani, mzito, halafu akautoa. Nilitaka kushuka naye, lakini mwingine alikuwa ameegemeza bunduki kwenye dirisha langu. Nikamwona Kinyozi akizungushwa nyuma ya ukuta wa kituo cha zamani cha mafuta.

Ndipo yule kijana akapiga ubavu wa basi niondoke. Akapiga mara mbili harakaharaka, akanyamaza kidogo, akapiga moja nzito.

Dada, keti kama umesimama. Kila konda ana mkono wake. Dereva anaujua hata usingizini, hata mvua ikinyesha juu ya bati. Duniani kuna mtu mmoja tu aliyekuwa akiliondoa basi langu namna ile. Mguu wangu ulikanyaga mafuta wenyewe. Sijui niliendeshaje kufika darajani. Nakumbuka tu kwamba hakukuwa na mtu wa kuitoa picha, na abiria wote walikuwa wananitazama mimi.

Ndiyo. Mdogo wetu yu hai. Nilitamani kufurahi. Nilijaribu kweli, Dada, nikiwa nimelala chali natazama dari, lakini kila furaha ilipokaribia, Kinyozi alipita katikati na mkoba wake. Hakurudi. Mpaka leo hajarudi.

Wiki iliyofuata, wenzake wakiwa wanakula, alikuja dirishani kwangu akijifanya anakagua hati za basi. Nilimwita jina lake. Hakushtuka. Nilimuuliza ametokea wapi, naye akanieleza kwa kifupi, macho kwenye karatasi, kwamba hakukaa gereza kuu hata mwezi; walihamishiwa kambi ya kuvunja mawe, watu wakafa mikononi mwake, mpaka Waongofu walipokuja wakavunja lango. Alisema aliyemfungulia mlango ndiye anayemfuata, haulizi anakokwenda. Nikamuuliza kuhusu Kinyozi. Hapo ndipo aliponitazama. "Mimi nilicheka tu, Kaka," akasema. "Yeye ndiye aliyesema."

Akanirudishia hati, na kwa sauti ileile ya kukagua akaniambia, "Jumatano ijayo usimpakie Mama." Nikamuuliza, na wengine je? Akasema wengine wana Mungu wao. Akaligonga basi, mbili na moja, nikaondoka.

Siku zile sikula. Ningewaambia askari wa Picha, wangempiga risasi yeye na mimi, na pengine wangeufyatulia mizinga mtaa mzima. Ningewanong'oneza abiria, habari ingefika kizuizini kabla ya basi. Ningenyamaza, ningewapeleka kina mama wa kliniki kwenye jambo ambalo hata sikulijua ni nini. Jumanne mchana nilikwenda yadini, nikamtuma mlinzi sokoni, nikalala chini ya basi na kufungua nati ya oili. Ilipokwisha kumwagika yote nikawasha injini, nikalizungusha basi yadini, gia ndogo, mafuta mpaka mwisho. Lililalamika kwanza kama mtu mwenye kifua. Kisha likapiga kelele ambayo bado naisikia, likasimama katikati ya yadi, moshi mweupe ukitoka mbele. Injini ilikuwa imekufa kabisa. Nililiendesha basi lile tangu nikiwa na nywele zangu zote, Dada. Niliegemea usukani nikalia kwa sauti.

Jumatano abiria walikuja, wakalizunguka, wakanipa pole. Walinipa pole mimi. Halafu wakaanza kutembea kwenye changarawe, mmoja nyuma ya mwingine, waliokuwa na nguvu.

Na siku ile hakukutokea kitu. Wala kesho yake. Sijui kama ni kwa sababu basi halikuwepo, au kama Kifungo alitaka tu kunipima. Sitajua. Ninachojua ni kwamba jirani yetu mshona nguo, aliyekuwa akienda kusafishwa figo, watoto wake walimsukuma kwa mkokoteni mara mbili, na mara ya tatu hawakuwa na haja ya kumsukuma. Nilibeba jeneza lake. Mumewe alinishukuru kwa miaka yote niliyompeleka mkewe.

Mama naye, Jumatano iliyofuata, alifunga mzigo wake na kuvaa viatu. Nilimkataza, nikamwonyesha goti lake. Akasema goti ni lake. Basi nikafuatana naye. Tulipokaribia kizuizi nikaona siwezi kumwacha apite mbele ya mwanawe kama kipofu. Nikamsimamisha kando ya barabara, malori yakipita, nikamwambia polepole, karibu na sikio lake zuri, kwamba Kifungo yu hai, na nikamwambia alipo.

Mama alinitazama kama mtu aliyeambiwa leo ni Jumatano. Akaniambia anajua. Alijua tangu wiki ya kwanza. Askari wa dunia nzima wakikagua nguo wanazirudisha kama matambara. Yule kijana alilikunja shati mikono ikiwa ndani na kola juu, kama alivyomfundisha mwenyewe mezani kwetu. Nikamuuliza sasa gerezani anakwenda kufanya nini. Akasema gerezani hana shida napo, zile nguo huwapa tu askari. Lakini asipokwenda gerezani, atapita pale kwa sababu gani? Kisha akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. "Usimwambie kwamba najua," akasema. "Akijua, ataona aibu, ataomba kuhamishwa. Nitamwona wapi tena?"

Tukapita. Akafungua mzigo, akaufunga. Mama akamwambia asante, mwanangu. Mimi nilitazama chini.

Tukirudi nilimuuliza Mama kuhusu Kinyozi, akaongeza mwendo kama aliyesahau goti lake. Kumbe kila akitoka kule hupitia kwa mke wa Kinyozi, humsaidia kuosha vyombo, hukaa naye. Jana nilikwenda naye. Yule mama alitukaribisha vizuri, akanipa kiti cha mumewe. Akaniambia wengine wote wameogopa kumjibu, lakini mimi ni mtu wa nyumbani na nilikuwa dereva, niliona. Nimwambie tu, huyo aliyemshusha mume wake alikuwa mtu wa namna gani.

Mama alikuwa ameinamia beseni. Mikono yake ikaacha kusugua.

Nilimwambia alikuwa amefunika uso.

Dada, msalimie shemeji, na uwabusu watoto kwa niaba ya mjomba wao. Mama anakusalimu sana. Anasema ule vizuri na usijichoshe. Yeye hajui kama nimekuandikia haya. Mungu akulinde huko uliko.

Ni mimi mdogo wako,
Dereva