Mpole Hamkatizi Mtu

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa chuo katangaza mapinduzi. Kuanzia leo, somo la mazungumzo ya Kijerumani litafundishwa na programu ya akili mnemba. Na mimi? “Msimamizi.” Yaani nikae niwatazame watu wazima wakiongea na simu. Hongera kwangu!

Jumatano, 5 Machi
Wameshaipa jina: Mpole. Hachoki, hanuni, hakosoi kabla ya kusifu. Mwanafunzi wangu mmoja, nesi, ndiye kinara wake. Mumewe na mtoto wanaishi ng'ambo, naye hapati viza mpaka afaulu mtihani wa kuzungumza, Ijumaa ya wiki ijayo. Alishafeli. Ananiambia mtoto sasa anamwita shangazi yake mama. Nikamfungulia kitabu ukurasa wa zoezi. Mpole angempa pole kwanza.

Ijumaa, 7 Machi
Nimewaambia waongee wao kwa wao. Makubwa! Nesi kamuuliza mwenzake, dereva, anaishi wapi. Dereva, Mpole mtupu: swali zuri sana, asante kwa kuuliza! Kisha akashusha hotuba. Nesi kangoja, mikono mapajani, hadi mwisho — halafu naye akamsifu. Mkuu kachungulia mlangoni, akasema Kijerumani chao kimenyooka. Kweli. Kimenyooka kama maiti.

Jumatatu, 10 Machi
Nimejifanya mtahini. Nesi kaanza vizuri, nikamkatiza — watahini wenyewe ndivyo walivyo, utadhani wana basi la kuwahi. Akanyamaza. Nikajaribu tena. Kimya, macho kwenye simu. Kumbe Mpole hajawahi kumkatiza hata siku moja! Basi nikamkatiza mchana kutwa. Nikapiga miayo. Nikamwambia sielewi. Akalia: mwalimu, mbona unanionea?
Mkuu kaniita. Eti nawatisha wateja. Wateja!
Roho inaniuma, sitaki kujidanganya. Lakini kesho namkatiza tena.

Ijumaa, 14 Machi
Niko kwenye benchi, nje ya chumba cha mtihani. Mlango haufungi vizuri, nasikia kila kitu. Pembeni yangu mkuu anamwambia mgeni wake kuwa huyo aliye ndani ni zao la programu. Sawa.
Nesi anaeleza kazi ya wodini. Anakwenda vizuri. Mtahini kamkatiza.
Kimya.
Bado kimya — jamani, sema chochote!
Halafu sauti yake, kali, Kijerumani kimepinda kila upande: ngoja kwanza, sijamaliza!
Mkuu kashika kichwa. Mtahini kacheka, au kakohoa, sijui. Nesi bado anaongea, na sasa wanaongea wote wawili kwa pamoja —