Kiwanja Ambacho Ng'ombe Hawakuingia

Mjukuu wangu Aisha,

Assalamu alaikum. Huku Matungu tu wazima, goti la bibi yako limepoa, na mahindi yameanza kutoa mbelewele.

Umeniuliza kama waraka unaowaandikia wawekezaji utaje hata jambo usiloweza kulieleza.

Miaka ya tisini, mimi na rafiki yangu Rashidi tulitafuta watu wa kuchangia mtaji wa kiwanda kidogo cha sukari guru pale Mayoni. Tukaandika hatari zote: ukame, bei ya miwa, mashine kuharibika. Lakini kulikuwa na jambo lingine. Ng'ombe wa mikokoteni walikuwa wakifika mpakani mwa kiwanja wanasimama, masikio juu, wote wakitazama sehemu moja iliyo tupu.

"Tukiandika hilo watatucheka," Rashidi akasema.

"Andika tu," nikamwambia. "Hawa watu wanatuletea jasho lao."

Tukaandika: Ng'ombe hawaingii hapa. Sababu hatuijui.

Siku ya mkutano hakuna aliyecheka. Mama Nekesa, mjane muuza omena, alikwenda akasimama palepale ng'ombe walipokuwa wakipatazama. Akarudi, akatia alama ya kidole gumba kwenye waraka.

"Kama hilo mmelisema," akatuambia, "basi na hayo mengine nayaamini."

Tulisaga miaka mingi, miwa ikiletwa kwa trekta. Sasa kiwanda kimefungwa. Juzi nilipita. Unajua huku kwetu hata nyasi za kando ya barabara huliwa zikaisha. Pale zimefika kiunoni, na ng'ombe wa watu wamejipanga mpakani, wanatazama.

Babu yako,
Juma