Ngoro za Kosmas Ndani ya Gemu la Vita

Kosmas ndugu yangu,

Ule mlima wako haujafutwa. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua, hata salamu ungenikatiza ili uulizie mlima.

Tangu tukuzike kijijini Mapera, mvua zimekuja zikaondoka, na kahawa ya kwenu imeanza kuchumwa. Ile ofisi yetu ya kuchapa na kutoa kopi hapa Mbinga mjini bado naifungua asubuhi, na bado najisahau nikakuwekea kiti. Wateja wakipungua nageukia kazi yetu nyingine, ambayo baba yangu kule Liuli, ziwani Nyasa, mpaka leo anaiita utoto: lile gemu la vita tulilolicheza tukiwa sekondari, na ile nyongeza yake iliyotoka baadaye, ambayo sisi mashabiki tunaijenga upya ili ichezeke kwenye kompyuta za leo. Unakumbuka tulivyoanza kuicheza? Kompyuta moja, wewe umeshika kipanya unalenga, mimi nabonyeza vitufe vya kutembea, tunagombana kama watu wawili wanaopiga kasia kila mmoja kwa upande wake. Ukawa unanifokea, "Mnyasa, hapa si ziwani, usinizungushe!" Nimecheka sasa hivi peke yangu.

Sasa sikia yaliyotokea. Wenzetu wa mtandaoni walikupa mlima mmoja uujenge upya, mlima mtupu wa majani tu. Wewe ukauchimba ngoro kutoka juu mpaka chini, mashimo na matuta yake, kama mashamba ya Kimatengo yalivyo. Ulipoulizwa ukajibu kwamba mteremko usio na ngoro bado haujaisha. Siku ile nilijivuna utadhani na mimi ni Mmatengo! Ulipotutoka wakaanza kuujaribu, na balaa likaonekana: askari wa adui wanatumbukia kwenye mashimo, hawatoki. Wanazunguka humohumo, bunduki mkononi. Wenzetu wakaniandikia kwa upole kwamba nyongeza ya zamani haikuwa na mashimo, kwa hiyo wataufuta mlima wako na kurudisha ule mtupu.

Niliumia, Kosmas. Kaburi lako tulikujengea sisi. Ule mlima uliujenga mwenyewe, na hakuna kingine ulichokiacha kilichotoka mikononi mwako. Nikawaomba wanisubiri.

Nikaenda kwenu. Mama yako alikuwa anapalilia maharage. Nikampa shikamoo, nikakimbilia kumsaidia, nikapanda juu ya tuta. Akapiga kelele, "Wee mwanangu, unanikanyagia maharage! Shuka shimoni, ndiyo uvuke!" Nikashuka. Tuta likaniishia magotini.

Nilisimama pale nikashindwa hata kushika jembe. Matuta yako kwenye gemu yanamfika askari kifuani. Ndipo nikaelewa kwamba hukwenda kuyapima. Uliyachimba kama ulivyoyaona ukiwa mtoto, unamfuata mama yako shambani, na kila tuta ni ukuta mbele yako. Nililia, ndugu yangu. Mama akadhani nimeteguka mguu.

Niliporudi mjini nikayashusha matuta, moja baada ya jingine, na mkono ulikuwa mzito kwa sababu niliona kama nakuondoa wewe mdogo mle ndani. Lakini askari sasa wanavuka. Wenzetu wameujaribu tena, wamekubali, ngoro zinabaki.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, nikampelekea mama kompyuta aone. Nilijiandaa kumweleza habari za askari na bunduki, nikijua atanuna. Hata hakuwaona. Aliutazama mlima, akagusa kioo kwa kidole chenye udongo.

"Kosmas amelima vizuri," akasema. Kisha akanigeukia. "Mbona hajapanda?"

Ulilima mlima mzima, na kupanda hukuwahi.

Basi pumzika, ndugu yangu, Mungu akulaze mahali pema. Kabla hatujaitoa nyongeza kwa watu, nitapanda. Maharage, kwenye kila tuta, mpaka chini kabisa bondeni. Nimemwahidi mama, na yeye amesema atakuja mwenyewe kukagua.

Ndugu yako,
Yohana