Kokoto nane za Anselme

Kamio ya Buta ilikuwa imeshaanza kutembea, Anselme, na mimi niko juu ya magunia ya chumvi, ulipokuja mbio kando ya gurudumu, kofia mkononi. Mwaka mzima umekwisha toka asubuhi ile ya tarehe 12 Juni 1956, na mpaka leo nakuona unakimbia. Kuagana tulikuwa tumeshaagana. Ulikuja kuniuliza neno moja, mimi kaka yako.

"Yaya, ni ngapi?"

"Munane," nikakujibu.

"Bon. Nitakukanyagia."

Ukasimama, ukavaa kofia yako, vumbi likakufunika.

Mama amesema tangazo hili la kukukumbuka niandike mimi, kwa sababu nimepita shule tatu, hata kama sikumaliza yoyote. Clothilde mke wako amekubali. Nimemwambia mapema nitakachoandika, akasema: "Andika yote. Yeye hatasoma, lakini wenzake watasoma."

Basi nianze na wema wako. Ulikula taratibu. Clothilde akikufungia kwanga ya muhogo na majani ya pondu, ulikuwa unakatia wenzako vipande kabla hujaonja. Asubuhi ulikohoa sana kwa vumbi la mawe, ukatoka nje ili usiamshe watoto. Jumapili ulienda misa ya kwanza, kisha ukashuka kwenye maporomoko ya mto kumsaidia mama kupara samaki. Hukupenda kusifiwa. Mtu akikusifu ulianza kutafuta kitu mfukoni.

Ulipoingia machimbo ya mawe mwaka 1951, watu walikuwa wakisikia baruti imelia, wanakimbilia ndani wote pamoja kugombea mawe mazuri. Mwaka huo huo wawili waliangukiwa. Wewe hukumpigia mtu kelele. Ulikumbuka tu jinsi baba alivyotufundisha kule Wagenia, kwenye maporomoko, tukitega samaki juu ya miti iliyosimikwa kwenye maji makali: aliyefunga kamba ndiye anakanyaga kwanza, mwenyewe, peke yake, na wengine wanangoja mpaka arudi. Ukaenda na desturi hiyo machimboni. Aliyejaza baruti ndiye anaingia kwanza. Anagonga mawe kwa mtaimbo, moja moja, kusikiliza lipi limelegea. Wengine wanakaa chini. Akirudi akakaa nao, ndipo wote wanainuka.

Walikucheka. Walikuita bibi-arusi, kwa sababu ulikuwa unatembea peke yako mbele na watu wote wanakutazama. "Nyamazeni, bibi-arusi anapita." Wewe ulicheka nao na ukaendelea kugonga, ukiongea na mawe kama na wazee wagumu: "Wewe papa, iko unakasirika bado?" Ilikuchukua karibu miaka miwili. Halafu siku moja ulikuwa mgonjwa, mwingine akajaza, na watu wakakaa chini bila kuambiwa. Ulipopata habari hiyo ulilia. Clothilde ndiye shahidi.

Na ulikuwa na kokoto zako. Kabla ya kuwasha, unatia mfuko wa kulia kokoto sawasawa na mashimo yaliyojazwa. Baruti moja ikilia, kokoto moja inahamia mfuko wa kushoto. Ikibaki hata moja kulia, hakuna mtu wa kuingia, hata bwana wa machimbo apige kelele namna gani. Alipiga. Hukuingia.

Sasa nitasema yangu.

Miezi sita nilifanya kazi chini yako. Unanijua, mahali pamoja pananichosha. Asubuhi ile nilitaka kwenda Buta, na kamio haingoji mtu. Ulinipa kujaza mashimo nane. Nilijaza nane. Ikabaki baruti moja mkononi, na sheria yako ni kwamba iliyobaki inarudishwa stoo, kule juu kilimani. Nikaona uvivu wa kupanda. Nikaisukuma kwenye shimo la zamani, nikaunga kipande cha utambi kwenye utambi wa shimo la nane, ili zilie pamoja, nikafunika kwa mawe madogo. Kipande kile kilikuwa kimelala kwenye unyevu. Nilikiona. Dereva akapiga honi.

Ulipouliza ni ngapi, sikuwa nimesahau. Kukwambia tisa ilikuwa kukueleza, na kukueleza ilikuwa kushuka kwenye kamio. Nikasema nane.

Zililia nane. Ulingoja kama kawaida yako. Halafu ukaenda kukanyaga badala yangu, na mtaimbo wako ukaigusa ile ya tisa.

Wakaandika kwenye ripoti kwamba Anselme alihesabu vibaya. Bwana wa machimbo akawaambia watu: mwenye kuhesabu mwenyewe amekosea, donc, basi, kungoja kule ni kupoteza wakati, na kuzunguka peke yake akigonga mawe ndiko kulikomwua. Watu wakaamini. Wakaanza tena kukimbilia ndani pamoja. Mwezi uleule wa kwanza Daudi, kijana wa Kasongo mliyekuwa mnakula naye, aliangukiwa jiwe, akapoteza vidole viwili.

Mimi habari ya kifo chako ilinikuta Buta. Sikurudi. Nilikwenda Aketi, nikaenda Bambesa, nikaenda mahali hata majina yake sikuuliza. Nilirudi Pasaka hii. Nilidhani nitamsalimia mama na kupita.

Clothilde alinipa kiti. Akatoa kopo la sardini, akalimwaga mezani. Ni kokoto alizozikuta kwenye nguo zako.

"Zilikuwa mfuko wa kushoto," akasema. "Kulia hapakuwa na kitu. Hesabu mwenyewe, yaya."

Nikahesabu nane.

"Bwana yangu alihesabu vizuri. Basi kilichomwua kilitoka wapi?"

Nilimwambia. Hakunipiga. Alirudisha kokoto kwenye kopo, moja moja, akaniuliza kama nitasema vilevile mbele ya wenzako. Kesho yake alinipeleka machimboni mwenyewe. Nilisema mbele ya wote, na bwana wa machimbo akiwepo. Cyprien, anayejaza baruti siku hizi, alitazama kopo la Clothilde, akauliza kama anaweza kushika. Wakapokezana mkono kwa mkono. Halafu kazi ikaanza, baruti ikalia, na wale watu wakakaa chini. Bwana wa machimbo aliita, akatishia kufukuza. Walibaki chini mpaka Cyprien aliporudi akakaa.

Sasa mambo ni haya. Ripoti imeandikwa upya, ukurasa mmoja, nayo inasema ulihesabu sawasawa. Mimi nilifungwa mwezi mmoja, nimetoka. Bwana wa machimbo yuko palepale, bado anapiga kelele. Daudi amepewa kazi ya kulinda stoo ya baruti; anapokea zilizobaki kwa ule mkono wake wenye vidole vitatu. Wameongeza sheria moja: aliyejaza haondoki siku hiyo mpaka akanyage mwenyewe, hata kamio ipige honi. Clothilde anauza samaki. Mimi nafanya kazi ya mitego kule maporomoko. Ninachofunga nakanyaga. Kokoto nane ziko kwenye kopo lake. Ya tisa niliokota mimi, ninayo mfukoni.

Wanaokukumbuka ni mama Philomène. Mke wako Clothilde. Watoto wako Hilaire na Micheline. Wenzako wote wa machimbo. Na mimi kaka yako, Faustin.

Tumechoka na mengi, Anselme. Kukukumbuka hatutachoka.