Nafasi Iko na Mwenyewe

Mpendwa Baba,

Sahani ya santuri imefika. Wazee wako watatu wamerekodi nyimbo za zamani, zile mlizopiga katika bendi yenu ya Mpakani Jazz tangu kabla sijazaliwa, na juu ya jalada wamepigwa picha wakiwa na suti zao za harusi ambazo vifungo havifungi tena. Nilishinda nayo mapajani mchana kutwa. Kabla sijawatangazia majirani nimeona nikuandikie wewe, kwa sababu umo humo ndani, ingawa jina lako halikuandikwa popote.

Ulikuwa na kiburi na saksafoni yako, usikatae. Uliifuta kwa kipande cha kanga ya Mama, na ole wake atakayeigusa. Katika kila wimbo, baada ya ubeti wa pili, uliwataka wenzako wanyamaze kabisa. Si kupunguza sauti, kunyamaza. Mzee Wandera aliondoa mkono kwenye gitaa, Mzee Ekisa akalikumbatia lile besi lake refu kuliko yeye, Mzee Ouma akaweka vijiti vya ngoma mapajani, nawe ukapuliza peke yako huku watu wa Malaba wakiendelea kusakata dansi.

"Baba Nekesa, wewe unafanya sisi tunakaa kama wageni kwa dansi yetu," Mzee Ouma alikulalamikia siku moja.

"Si kiti unacho? Kaa basi," ukamjibu, na mkacheka wote wanne.

Mama alijifanya hapendi mambo ya dansi, yeye mtu wa kanisa. Lakini jikoni, akisonga ugali, alikuwa anavumisha kipande chako cha saksafoni mdomo ukiwa umefungwa. Wimbo mzima hakuujua, alijua kipande chako tu. Ulikuwa ukinikonyeza jicho kutoka mlangoni ili nisimshtue akanyamaza. Hizo ndizo siku nilizoona nyumba yetu ina bahati.

Kisha kifua kikakulaza hospitali ya Alupe na hukurudi. Jikoni kukabaki sauti ya mwiko na sufuria. Miaka miwili sikumsikia Mama akivumisha hata wimbo wa kanisa.

Wazee wako waliendelea kupiga kila Jumamosi alasiri. Na Baba, kila walipofika mahali pako, walinyamaza. Hawakupanga, hawakuambiana. Mikono ilisimama yenyewe, watu wakacheza kwa nyayo tu, kisha wimbo ukaendelea. Mwanzoni nilikasirika, nikadhani ni uzee unawasahaulisha. Ilinichukua muda kuelewa kwamba walikuwa wanakungoja umalize.

Basi mwaka huu akaja fundi kutoka Nairobi na mashine yake ya kurekodi kwenye gari. Walichagua ghala la pamba kando ya barabara, maana marobota yanameza kelele. Mimi nikatumwa kwenye foleni ya malori nikawasihi madereva wasipige honi. Nilijua watanitukana. Dereva mmoja wa Nakuru akazima injini papo hapo.

"Dada, kama ni Mpakani Jazz, hii lori nitasukuma na mkono," akasema, na turnboy, msaidizi wake wa lori, akaenda kuwaambia walio nyuma. Barabara yote ikanyamaza kwa ajili yenu. Nilirudi ghalani nikitembea kama binti wa chifu.

Taabu ilikuwa ndani. Walipofika mahali pako wakanyamaza, na fundi akasimamisha mashine.

"Wazee, mmesahau hapa."

Wakaanza upya, wakanyamaza tena. Mara ya tatu fundi akavua vile vyombo vya masikioni. Alisema nafasi hiyo ataitafutia kijana wa saksafoni huko Nairobi aijaze, la sivyo anafunga mizigo yake, kwa kuwa hakuna mtu atanunua sahani yenye imenyamaza.

Hawa wazee hawakuwa wamerekodiwa hata mara moja maishani, na nafasi nyingine haingekuja. Lakini kusikia pumzi ya mtu mwingine mahali pako, hapana, hilo nisingeweza. Nilimtazama Mzee Wandera.

"Kijana," akasema polepole, "hiyo nafasi iko na mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Tulizika yeye. Nafasi hatukuzika."

Mzee Ekisa alianza kulivika besi lake gunia. Fundi akawaangalia, akaangalia saa yake, akasema haya, mara moja ya mwisho.

Wimbo ulikuwa umeshaanza Mama alipotokea mlangoni na birika la chai na bakuli la viazi vitamu. Hakujua mashine inazunguka. Ubeti wa pili ukaisha, wazee wakanyamaza, na Mama, akiwa amesimama pale na birika mkononi, akavumisha. Kipande chako chote, Baba. Hata pale ulipozoea kukata pumzi kabla ya sauti ya mwisho, naye akakata. Wazee wakaingia pamoja kana kwamba wamekuona ukiwaitikia kwa kichwa. Mkono wa fundi ulikuwa umeinuliwa kusimamisha mashine, akausahau hewani.

Wimbo ulipokwisha Mama akaziba mdomo. "Woi! Nimewaharibia?"

"Hapana, mama," fundi akasema. "Kaa hapo hapo."

Alitaka kumwekea maikrofoni. Mama akakataa katakata, eti yeye ni mtu wa kanisa, atavumisha mlangoni akingoja vikombe. Na ndivyo nyimbo zote zilivyorekodiwa, wazee watatu karibu na mashine, Mama kwa mbali. Mzee Ouma alilia waziwazi na hakujificha.

Baba, najivuna. Najivunia wazee waliokuwa tayari kurudi nyumbani mikono mitupu kuliko kukuuza. Najivunia Mama. Nakujivunia wewe na kiburi chako, kwani kumbe ndicho kilichokuachia mahali pa kukaa.

Jioni hii nimeazima gramafoni ya Mzee Ouma, nikaiwasha Mama akisonga ugali. Ubeti wa pili ulipoisha nilingoja aungane na sauti yake mwenyewe kwenye sahani, kwa vile tangu siku ya ghala amerudia kuvumisha jikoni kama zamani. Badala yake aliacha mwiko, akafumba macho, kimya.

"Mama, mbona huvumishi?"

"Nyamaza, Nekesa," akasema. "Sikia mzee wangu anapuliza."

Lala vizuri, Baba. Nafasi yako haijakaliwa.

Binti yako wa kwanza,
Nekesa