Ngozi za Sangara

Mbale, 3 Februari 2024

Mama mpendwa,

Asalaam alaikum. Mimi mzima. Miguu yako bado inavimba? Simu yako haipatikani, ndiyo maana nampa barua Asadu dereva. Mama, kiwanda cha samaki hapo Masese kimechukua utafiti wangu! Zile ngozi za sangara sasa watazitumia kutengenezea viatu. Chuo changu na kiwanda vimeshatia saini. Waambie majirani!

Binti yako,
Juwairiya

Masese, Jinja, 20 Februari

Mwanangu,

Waalaikum salaam. Miguu afadhali. Nilipita nyumba kwa nyumba nikijisifu. Jumatatu mimi na wakaangaji wenzangu tukaenda getini kwa kiwanda kununua ngozi za kukaanga, kama siku zote. Askari akasema, “Ngozi hakuna tena, zimepata kazi.” Mwenzetu Shakirah analea wajukuu kwa ngozi hizo. Akaniuliza mbele ya watu, “Zaituni, mtoto wako alitusahau?” Nikaondoka na beseni tupu. Mwanangu, ulitusahau?

Mama yako

Mbale, 2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Samahani, kila nikishika kalamu naona aibu. Sikuwasahau. Wakubwa wa kiwanda waliniuliza, “Hizi ngozi zina wenyewe?” Nikajibu, “Hapana, ni takataka.” Niliogopa kazi ya miaka yangu yote ingekwama. Na mbele ya wale watu wenye suti, sikutaka wajue nimesomeshwa kwa ngozi za kukaanga. Wiki ijayo wameniita kiwandani. Nitawaomba wawabakishie sehemu.

Binti yako

Masese, 15 Aprili

Juwairiya,

Salaam. Hapa wazima, ila kazi hakuna. Jana tulikuwa getini tukiomba, gari la kiwanda likatoka. Ulikuwa kiti cha nyuma. Uliniona, ukapandisha kioo. Shakirah akasema, “Yule si mtoto wako?” Nikasema, “Siye.” Toka nikuzae sijawahi kukukana. Usiku sikula.

Mama

Mbale, 17 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Nilikuwa mimi. Kule ndani waliniletea chai, wakanipongeza, nikaondoka bila kuomba chochote. Barua yako nimeisomea ofisini, nikafunga mlango.

Nimewaandikia chuo na kiwanda kwamba nilidanganya, kwamba ngozi zina wenyewe, na mmoja ni mama yangu. Sijui watanifanya nini. Jumatatu nakuja getini asubuhi, nimwambie Shakirah na wenzake kwa mdomo wangu. Wakinitukana, Mama, usinitetee.

Mwanao,
Juwairiya